Corona imepita. Mbona sasa watu wanakataa hata chanjo ya surua?

Mchanjaji (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kazi yangu ni kuchanja. Nimeifanya miaka kumi na minne: kabla ya Corona, wakati wa Corona na mpaka leo. Uzi huu umetokana na mama mmoja ninayemfahamu tangu alipoleta mtoto wake wa kwanza. Kadi za wale wawili wakubwa zimejaa, hakuna kisanduku kilichobaki wazi. Huyu wa tatu alimleta kupimwa uzito tu. Nilipomwambia miezi tisa imetimia, leo ni zamu ya surua, akamvuta mtoto kifuani. "Huyu hapana, sista."

Hakugomba. Hakutaja chipu, sumaku wala njama za matajiri. Aliniuliza swali moja: "Ile ya Corona mlisema nikichoma siumwi. Nilichoma, nikaumwa, nikamwambukiza mama yangu. Hii nitaiaminije?"

Majibu ya kitabuni ninayo tele, nikayamwaga yote. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu aliyejikinga barazani akisubiri mvua ipite, kisha akaaga. Jioni nafunga boksi la chanjo ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ananiuliza habari za surua. Alikuwa ananiuliza habari zangu mimi.

Hoja yangu ni hii. Chanjo za Corona hazikushindwa kazi. Sisi ndio tuliozisemea zaidi ya kazi yake. Majaribio makubwa ya mwaka 2020 yalipima hasa nani anaugua mpaka kuonyesha dalili na nani anazidiwa. Hayakuundwa kupima kama aliyechanjwa anaweza kumwambukiza mwenzake. Kinga dhidi ya kuzidiwa na kufa ilisimama vizuri. Kinga dhidi ya kuambukizwa ilififia baada ya miezi, na aina mpya ya kirusi, Omicron, ilipoingia Novemba 2021 ikashuka zaidi. Huo ndio ukweli, na ulikuwa unasemeka kwa sentensi mbili. Badala yake Julai 2021 Rais Joe Biden wa Marekani akasema hadharani kwamba ukiwa umechanjwa hutapata Corona. Sisi wa chini tukarudia wimbo uleule kwenye foleni, mimi nikiwemo. Haukuwa uongo wa makusudi. Tulitaka watu waje haraka, na sentensi fupi huleta watu haraka.

Hata kabla ya chanjo tulishayumba. Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kirusi hiki hakisafiri hewani. Baadaye likabadilisha msimamo. Barakoa nazo, mwanzoni watu wazima wenye afya waliambiwa hawazihitaji, Juni 2020 wakaambiwa wazivae. Kubadili msimamo kwa kuwa umejifunza jambo jipya si aibu. Aibu ni kubadili kimyakimya, halafu ukamshangaa anayekumbuka ulichosema jana.

Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2023 ilisema watoto milioni 67 walikosa chanjo zote au baadhi kati ya 2019 na 2021, na kwamba watu walioona chanjo za watoto ni muhimu walipungua katika nchi 52 kati ya 55 zilizochunguzwa. Nawaomba tusichanganye hayo mawili. Wengi wa hao watoto hawakukatazwa chanjo na wazazi wao: kliniki zilisimama na wahudumu tulihamishiwa kwenye Corona. Hilo la kwanza unalitibu kwa kufungua mlango na kujaza friji. La pili huwezi kulitibu kwa friji.

Karibuni. Matusi hapana.

Kichwa Ngumu

Dada, heshima yako. Wewe ni mhudumu wa kwanza ninayemsikia akikiri. Ila umekiri nusu. Unaongea kana kwamba tatizo lilikuwa maneno, wakati tatizo lilikuwa fimbo.

Austria ilitunga sheria ya kumlazimisha kila mtu mzima achanjwe. Ikaanza Februari 2022, Machi ikasimamishwa, na kabla ya mwaka kwisha ikafutwa. Italia iliwatoza faini ya yuro 100 waliofikisha miaka 50 bila kuchanja. Jambo likiwa la kufa na kupona Februari halafu Machi likawa la hiari, mtu wa kawaida ajifunze nini hapo? Atajifunza kwamba hata Februari hamkuwa na uhakika.

Halafu damu kuganda. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya zilisitisha chanjo ya Corona ya AstraZeneca. Huku kwetu sisi wasomaji wa kawaida, aliyeuliza tu aliitwa mpotoshaji. Aprili mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema kumbe ndiyo, iandikwe kwenye orodha ya madhara adimu sana. Nani aliwahi kurudi kumwomba radhi yule mpotoshaji?

Sikuchoma ya Corona na sijutii. Na watoto wangu wamechoma zote za kliniki, surua ikiwemo. Kwa hiyo msinipeleke kwenye kapu la wapinga chanjo, sikai humo.

Mpita Njia

Nimevuta kiti. Endeleeni.

Mama Hesabu

Kichwa Ngumu, kwenye damu kuganda uko sahihi kwa nusu ya kwanza. Sasa tuweke namba, maana neno "adimu" bila namba ni sawa na kumwambia mtu "karibu nifike".

Uingereza, iliyotumia AstraZeneca kwa wingi, ilikuta tatizo hilo, kwa dozi ya kwanza, kwa takriban mtu 1 kati ya 100,000 kwa waliofikisha miaka 50, na kwa walio chini ya miaka 50 ni kama 1 kati ya 50,000. Mzee wa miaka 70 hatari yake ya kufa kwa Corona ilikuwa kubwa mno kulinganisha na hiyo, kwa hiyo kwake chanjo ilishinda bila ubishi. Kijana wa miaka 25 hesabu yake ilikaribia kulingana. Ndiyo maana Aprili 2021 Waingereza waliamua walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine, na Mei wakapandisha hadi chini ya 40. Sera ilifuata umri. Nawapa maksi kwa hilo.

Kosa la wengine lilikuwa kutoa jibu moja kwa watu wote, kana kwamba bibi na mjukuu wake wana hatari sawa. Watu si wajinga. Waliona wenyewe nani analazwa na nani anapona kwa siku tatu.

Surua sasa. Hapa kijana hana unafuu wowote. Mgonjwa mmoja katikati ya watu wasio na kinga huambukiza wengine 12 hadi 18. Chukua 15: ili ugonjwa usisonge mbele, 14 kati ya hao 15 wawe na kinga. Hiyo ni kama asilimia 93. Ongeza kwamba hata dozi mbili huacha kama watu 3 kati ya 100 bila kinga, utaona ile asilimia 95 wanayoimba kila siku inatoka wapi. Jamii ikishuka hadi 85 kwa macho bado inaonekana "karibu wote wamechanja", lakini mlango uko wazi.

Na tofauti na Corona, dozi mbili za surua humlinda mtu mpaka uzeeni. Yule mama alipimishiwa chanjo mbili kwa mzani mmoja, na mzani huo tulimpa sisi.

Babu Kumbukumbu

Vijana, mnaongea kana kwamba haya yalizaliwa 2020.

Daktari Mwingereza Edward Jenner alijaribu chanjo ya ndui mwaka 1796. Mwaka 1853 Uingereza ikaifanya lazima kwa watoto wachanga, na faini juu. Mwaka 1885 mji wa Leicester ulifurika makumi ya maelfu ya waandamanaji kupinga. Serikali ilishindana nao miaka, mwishowe mwaka 1898 ikaweka kipengele: mzazi ambaye dhamiri yake inakataa aruhusiwe kukataa. Rio de Janeiro, Novemba 1904, ilikuwa vita mitaani kabisa kwa sababu ya ndui hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema kukataa chanjo kumeletwa na simu janja anasingizia simu.

Kisa ninachokipenda ni cha Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia. Oktoba 1977 alipanda gari moja na wagonjwa wa ndui ili awaonyeshe njia. Safari fupi tu. Akaipata. Anafanya kazi hospitalini, chanjo iko hapohapo alipo, lakini alikuwa ameikwepa kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Basi! Hakuwa na falsafa wala chama. Akapona, na hakumwambukiza mtu. Ndiye mgonjwa wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya asili. Mwaka 1980 ikatangazwa kutokomezwa. Maalin baadaye alijitolea kwenye kampeni ya polio, akizunguka kuwasimulia wazazi kisa chake mwenyewe, na alikuwa kwenye kazi hiyo hadi alipofariki 2013. Ningekuwa waziri wa afya ningetafuta watu kumi wa aina yake kabla ya kuchapisha bango moja.

Lakini wapo wanaokataa kwa sababu nzito. Kano, Nigeria, mwaka 1996 kulikuwa na mlipuko wa uti wa mgongo, na kampuni ya Pfizer ikawajaribishia watoto dawa yake mpya. Kesi zilidumu miaka mingi, na 2009 kampuni ikakubaliana na serikali ya jimbo kulipa fidia. Mwaka 2003 viongozi wa Kano waliposimamisha chanjo ya polio kwa kudai ina kitu cha kufunga uzazi, dai halikuwa kweli, lakini masikio yalishaandaliwa. Pakistani nako, 2011, shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini kumtafuta Osama bin Laden. Baada ya hapo wachanjaji wa polio waliuawa. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani ikaahidi ujasusi hautatumia tena kampeni za chanjo. Sasa nenda kamwambie mtu wa kule kwamba njama ni hadithi.

Kichwa Ngumu

Babu, shikamoo. Hapo umenena.

Babu Kumbukumbu

Marahaba. Lakini usinukuu nusu kama ulivyomlaumu dada. Kano walirudi kwenye chanjo 2004, baada ya kupata waliyoiamini, iliyotengenezwa Indonesia na kupimwa upya. Polio ilishatoka Nigeria wakati huo ikaingia nchi za jirani na za mbali. Waliopooza si waliofanya jaribio la 1996.

Baba Mapacha

Sijawahi kuandika kwenye mada hizi ila leo acha niseme.

Mmoja wa mapacha wangu alipata degedege siku ya nane baada ya chanjo yenye surua. Nilimkimbiza kituoni nikiwa peku. Tukapokelewa vizuri, homa ikashushwa, mtoto akatulia. Nikasema alichanjwa wiki iliyopita. Muuguzi akanijibu haraka, "Haihusiani, baba, msianze." Hakuandika kitu. Nilivumilia yote siku ile isipokuwa lile "msianze". Kuanza nini? Mimi niliyemleta mwenyewe?

Mtoto yuko salama, anasoma. Ila wa kufuatia nilimchelewesha mwaka mzima. Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Nilikuwa na hasira.

Mchanjaji

Baba Mapacha, pole sana. Nitakujibu kama ulivyostahili kujibiwa siku ile.

Inaweza kuhusiana. Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na homa yake hupanda kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Watoto wachache, kama 1 kati ya 3,000 hadi 4,000, hupata degedege la homa. Linatisha kuliko kitu chochote mzazi anaweza kuona, na kwa kawaida haliachi madhara. Surua yenyewe huleta uvimbe wa ubongo kwa takriban 1 kati ya wagonjwa 1,000, na huua zaidi ya hapo. Siku ya nane ni siku inayotegemewa kabisa. Muuguzi alipaswa kujaza fomu ya tukio baada ya chanjo, hata kama moyoni aliamini ni malaria. Fomu haisemi chanjo ndiyo iliyosababisha. Inasema jambo hili limetokea, likachunguzwe. Bila fomu kama hizo, kule kuganda kwa damu kusingegunduliwa.

Mnajua kwa nini tunasema "haihusiani" haraka? Woga. Tunaogopa kwamba tukikiri dogo, mtaa mzima utakimbia. Na kuna kisa kinachoniamsha usiku kinachoonyesha woga huo una msingi na hauna msingi kwa wakati mmoja.

Samoa, Julai 2018. Chanjo ya surua huja ikiwa unga ndani ya kichupa, na maji yake maalumu ya kuchanganyia huja pembeni. Wauguzi wawili walichanganya unga na dawa ya kulegeza misuli inayotumika chumba cha upasuaji, tena iliyokwisha muda. Watoto wawili wa umri wa kama mwaka mmoja walikufa ndani ya dakika chache. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa lolote. Mimi nimechanganya vichupa hivyo maelfu ya mara, na tangu nisome habari ile nasoma lebo kwa sauti, wenzangu wananicheka.

Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi mingi. Uchunguzi ukachukua muda, na kwenye pengo hilo wapotoshaji wakaingia kwa kishindo. Waliopata dozi ya kwanza wakashuka hadi karibu theluthi moja ya watoto. Mwishoni mwa 2019 surua ikafika. Nchi ya watu kama 200,000 ikapata wagonjwa zaidi ya 5,700, na wakafa watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Desemba serikali ilifunga shughuli kwa siku mbili, familia zenye watu ambao hawajachanjwa zikaambiwa zitundike kitambaa chekundu nje, na timu zikapita nyumba kwa nyumba. Wakafika asilimia 95 kwa wiki chache.

Watu walewale waliokimbia! Kwa hiyo hawakuwa "wapinga". Walikuwa wanasubiri mtu awaambie nini hasa kiliwaua wale watoto wawili.

Kichwa Ngumu

Au waliogopa majeneza. Usipake rangi sana, dada.

Mchanjaji

Yawezekana. Nakubali.

Mpita Njia

Swali la kizushi: huu mkataba mpya wa kimataifa wa majanga ya magonjwa si ndio unawapa Shirika la Afya Duniani mamlaka ya kutufungia ndani na kutuchoma kwa lazima?

Mama Hesabu

Hapana. Ulipitishwa 20 Mei 2025, na maandishi yake yanasema waziwazi kwamba shirika halipewi mamlaka ya kuiamuru nchi iweke vizuizi wala ilazimishe chanjo. Waliofunga watu ndani 2020 ni serikali zao wenyewe, kwa sheria zao wenyewe. Mwenye hasira azielekeze huko.

Ila hasira nyingine ni halali na haizungumzwi vya kutosha: mgawo. Nchi tajiri zilinunua dozi nyingi kuliko watu wake. Nyingine zikaja kupewa zikiwa zimebakiza wiki chache kuisha muda. Malawi ilichoma moto karibu dozi 20,000 Mei 2021, hadharani, ili watu waamini kwamba hawapewi zilizoharibika. Nigeria iliharibu zaidi ya milioni moja Desemba mwaka huohuo. Halafu cheti cha Umoja wa Ulaya kilipoanza Julai 2021, AstraZeneca iliyotengenezwa India, ileile iliyosambazwa kwa nchi maskini kupitia COVAX, mpango wa dunia wa kugawa chanjo za Corona, haikuwa kwenye orodha. Umwambie mtu chanjo hii ni salama na bora, halafu mlangoni kwako umwambie hiyo yako siitambui.

Babu Kumbukumbu

Hilo ndilo lililoniuma mimi kuliko yote.

Kichwa Ngumu

Sawa. Sasa semeni mnataka nini kifanyike, maana kulalamika tunaweza wote.

Mchanjaji

Sina dawa. Nina mifano miwili ya chanjo moja, ile ya HPV inayozuia saratani ya mlango wa kizazi. Japani, Juni 2013, ziliporushwa habari za wasichana waliougua baada ya kuchanjwa, serikali iliacha kuipendekeza ili ichunguze. Uchunguzi haukuthibitisha kwamba chanjo ndiyo chanzo, lakini pendekezo halikurudi mpaka Aprili 2022. Kutoka asilimia kama 70 wakaporomoka hadi chini ya 1. Miaka karibu tisa ya wasichana waliokosa!

Denimaki walipata dhoruba kama hiyo, uchanjaji ukaanguka zaidi ya nusu. Mwaka 2017 wakaanza kampeni, na kilichonivutia ni kwamba waliwajibu wazazi mmojammoja mtandaoni, wakaweka mbele wanawake waliougua saratani hiyo wasimulie wenyewe. Watu wakarudi. Kimya cha Japani kilionekana ni busara, na kiligharimu zaidi.

Jingine ni fidia. Ujerumani ina sheria ya kumfidia anayedhurika na chanjo iliyopendekezwa na serikali tangu 1961, Marekani tangu 1986. COVAX iliweka mfuko wa namna hiyo kwa nchi na maeneo 92 ya kipato cha chini na cha kati. Wangapi humu mliwahi kuusikia? Mimi mchanjaji niliusikia chanjo zikiwa zimeshaisha. Kama ningeweza kumwambia yule mama, "ikitokea bahati mbaya, hii hapa njia ya kulipwa," ningekuwa ninazungumza naye kama mtu mzima.

Ambalo sitakubaliana na Kichwa Ngumu ni kuacha kila kitu kiwe hiari mpaka mlipuko ufike. Mtoto wa miezi sita bado hajafikia umri wa kuchanjwa. Kinga yake ni wewe.

Kichwa Ngumu

Kwa surua sina ubishi nimeshasema. Kwa Corona na vijana, msimamo wangu uko palepale.

Baba Mapacha

Dada, yule mama alirudi?

Mchanjaji

Bado. Nilimpigia simu juzi, na sindano sikuitaja kabisa mwanzoni. Nilimwambia alichosema kuhusu Corona kilikuwa kweli, tulimwahidi kisichokuwepo, kisha nikamuuliza mama yake anaendeleaje. Akanyamaza muda. Akasema mama mzima, anakohoa tu akipanda ngazi. Kisha yeye mwenyewe akauliza kama surua inayo ile homa ya siku ya nane. Nikamwambia inayo, nikamweleza na cha kufanya. Akasema atafikiria. Simsukumi.

Mpita Njia

Swali la mwisho, si la kizushi safari hii. Mimi ni mtu mzima, kadi yangu ya utotoni ilipotea zamani na wazazi hawakumbuki. Nikienda kuchoma ya surua wakati labda nilishachoma, nitadhurika?

Mchanjaji

Hapana, dozi ya ziada haina tatizo. Ila sema kabla kama una ugonjwa au dawa zinazoshusha sana kinga, maana ni kirusi hai. Mkeo akiwa mjamzito, yeye asubiri mpaka ajifungue. Wewe unaweza kuchoma, humwambukizi.

Mpita Njia

Kumbe mjamzito asubiri? Basi umeniokoa, nilikuwa naenda naye kesho.